Mji Mkuu ni wa Nani?

Ndugu wafanya kazi wa Kalimoni, Ruiru na Thika,

Liko shauri moja ambalo wengi wetu hulisikia na kulipita, wakidhani ni la mawakili na wakubwa wa Nairobi peke yao. Shauri lenyewe ni hili: je, mji mkuu utawaliwe na watu waliochaguliwa na wakaaji wake, au uwekwe chini ya Serikali kuu? Sisi twasema neno hili latuhusu.

Tukumbuke yaliyopita. Katiba ya Uhuru ya 1963 iliigawa nchi majimbo saba, na Nairobi ikawekwa kando. Ilikuwa na Seneta, lakini haikupewa Baraza la Jimbo kama wenzake. Katiba ya 2010 iliondoa tofauti hiyo. Nairobi sasa ni kaunti ya 47, ina Gavana na Baraza lake sawasawa na Kiambu yetu.

Lakini Februari 2020 Gavana wa wakati ule alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Serikali kuu kazi za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya mji. Ikaundwa idara mpya chini ya Meja Jenerali ambaye hakuchaguliwa kwa kura. Maelfu ya wafanya kazi wa kaunti wakahamishiwa huko. Juni 2020 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba sheria haikufuatwa, ikatoa siku 90 mambo yarekebishwe. Idara ile ilimalizika 2022. Mfanya kazi aliyehamishwa namna hiyo ana haki ya kuuliza: mwajiri wangu ni nani, na malalamiko yangu niyapeleke wapi?

Wanaotaka Nairobi ipewe hadhi ya pekee wana hoja yao. Husema mji mkuu ni wa taifa zima, una mabalozi na ofisi za Umoja wa Mataifa, na taka na msongamano wa magari humwaibisha kila Mkenya. Ni kweli. Lakini Kifungu cha 187 cha Katiba chaziruhusu serikali mbili kupeana kazi kwa mapatano, na chasema wajibu hubaki kwa ile iliyopewa kazi na Katiba. Basi msaada wawezekana bila kumnyang'anya mtu kura.

Tutazame kwingine. Wakaaji wa Washington, karibu 700,000, hulipa kodi lakini hawana Seneta, na mjumbe wao hapigi kura ya kupitisha sheria. Mwaka 2020 na 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuufanya mji huo jimbo, Seneti haikuupitisha. Mawakili wangali wanabishana kama sheria ya Bunge yatosha au ni lazima Katiba ibadilishwe. Karibu nasi, Kampala ina Meya Mkuu aliyechaguliwa, lakini Mkurugenzi Mtendaji huwekwa na Rais. Mwenye kura ana mtu wake. Mwenye kalamu ni mwingine.

Na Kalimoni je? Kila alfajiri ndugu zetu hupanda matatu za Thika Road kwenda kazini Nairobi. Tangu 2017 Kiambu imo katika mamlaka moja ya uchukuzi pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mji ukipewa hadhi mpya, huenda ukataka ardhi ya jirani. Kifungu cha 188 chataka theluthi mbili za Bunge la Taifa na za kaunti katika Seneti kabla ya mpaka kuguswa, na chataja maoni ya watu wa mahali penyewe. Watu hao ni sisi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, muundo wa kaunti usibadilishwe bila kura ya wananchi wote, kama Kifungu cha 255 kinavyoamuru. Pili, mfanya kazi asihamishwe kabla ya chama chake kuitwa mezani. Tatu, mpaka usisogezwe Kalimoni ikiwa haijaulizwa.

Ndugu, mkutano wa baraza ukiitwa, nendeni mkaseme. Anayenyamaza huamuliwa na wengine.