Shabaha ya Upinde Ipaswayo Kuwekwa Nyumbani

Mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde ni wa kale, na heshima yake ingalipo. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1900, ukaachwa baada ya mwaka 1920, kisha ukarejeshwa mwaka 1972. Mzazi wa mjini ambaye kijana wake ameupenda hana sababu ya kumkataza, kwani mchezo huu hufunza utulivu na subira. Lakini kabla ya kununua upinde, yampasa ajiulize: mshale huo utatua wapi?

Wengi hukimbilia ubao mnene, wakidhani kwamba kigumu ndicho kidumucho. Sivyo. Ubao huvunja mshale, au huurudisha kwa yule aliyeurusha. Mfuko wa mchanga nao haufai: mchanga hukwaruza uti wa mshale, na mfuko ukitoboka humwagika. Shabaha njema haiupingi mshale, bali huukaba hadi ukasimama.

Kwa familia ya mfanyakazi, na kwa upinde mwepesi wa mwanafunzi, gunia la matambara latosha. Chukua magunia mawili imara, utie moja ndani ya jingine. Kusanya nguo kuukuu na mabaki kutoka kwa mafundi cherehani; haba na haba hujaza kibaba. Ondoa kwanza vifungo na zipu, maana mshale ukigonga kitu kigumu huharibika. Kisha shindilia matambara kwa nguvu, tabaka kwa tabaka, kwani gunia lililolegea hupitisha mshale. Mwisho, shona mdomo wake.

Shabaha za dukani zilizotengenezwa kwa matabaka ya sponji ngumu nazo ni nzuri, ila mnunuzi ahakikishe kwamba zinalingana na nguvu ya upinde wake.

Udumifu wa shabaha hutegemea pia matunzo. Mvua huozesha gunia la katani, jua huchakaza la plastiki, na mchwa hawachagui. Liinue juu ya matofali, na baada ya mazoezi lihifadhi barazani. Chora alama kadhaa badala ya moja, ili sehemu ya kati isichakae peke yake. Chembe bapa zenye makali zisitumike kabisa, kwa kuwa hukata gunia na matambara pamoja.

Hata hivyo, hakuna gunia linalozuia mshale uliolikosa. Ua wa michongoma si kinga. Upande wa pili jirani anaanika nguo, na watoto wake wanacheza. Nyuma ya shabaha pawe na ukuta mrefu wa matofali, na mbele ya ukuta huo litundikwe zulia kuukuu lining'inie, lipunguze kasi ya mshale. Pasipokuwa na ukuta, heri mazoezi yafanyike katika uwanja uliotengwa kwa kazi hiyo.

Wachezaji wa Olimpiki hulenga kutoka mita 70 shabaha yenye upana wa sentimita 122. Mwanafunzi aanze na mita 5 tu, mtu mzima akiwapo. Anayechomoa mshale ahakikishe kwanza kwamba hakuna aliyesimama nyuma yake.

Gunia likichakaa, hushonwa jingine. Jicho la mtoto halishonwi.