Nkambo Hajaloga
Jumatatu, kando ya barabara ya Kinsevere, malori ya shaba yakipita, nilimwona nkambo mmoja akiulizia nyumba aliyoihama zamani. Watoto wakakimbia: "Mulozi!" Mama yangu naye alisahau, akaniita kwa jina la kaka yake hadi yeye mama alipofariki, basi nikamshika mkono mzee yule. Jean Ikanga, Mkongo wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, amejitolea kuchunguza demensia, ugonjwa huu wa kusahau. Kinshasa amewapima wazee wetu kumbukumbu kwa vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Waafrika. Ubongo huugua kama goti linavyougua. Anayemwita mgonjwa mchawi humzika angali anapumua. Nkambo alikumbuka wimbo wa kanisani; tukaimba mpaka mwanawe akaja.