Mabao 44 ya Cămătaru: Nani Alifunga, Nani Alifungishwa?

Katika orodha ya washindi wa Kiatu cha Dhahabu, tuzo ambayo jarida la France Football lilianza kuwapa wafungaji bora wa ligi za Ulaya mwaka 1968, msimu wa 1986-87 una majina mawili. La kwanza ni la Rodion Cămătaru wa Dinamo București ya Rumania, mabao 44. La pili ni la Toni Polster wa Austria Wien, mabao 39. Tumezoea kuona tuzo ikigawanywa pale washindani wanapotoshana nguvu, kama ilivyokuwa mwaka 1990 ambapo Hugo Sánchez na Hristo Stoichkov walifunga 38 kila mmoja. Hapa mmoja amemzidi mwenzake mabao matano, na bado wote wawili wana kiatu. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiniletea hesabu ya namna hiyo, nitamuuliza ameipataje.

Jibu linapatikana katika msimu wenyewe, nao ni msimu unaostahili kusomwa hata na watu wasiojali kandanda.

Ligi kuu ya Rumania wakati huo ilikuwa na timu 18, kila moja ikicheza mechi 34. Nchi ilikuwa chini ya Nicolae Ceauşescu, aliyeitawala tangu mwaka 1965. Umeme ulikuwa wa mgawo, chakula kilikuwa cha foleni, na magazeti yaliandika kwa mtindo ambao Warumania wenyewe huuita lugha ya mbao: sentensi ndefu, kavu, zisizobeba chochote ila sifa za chama na kiongozi wake. Kandanda nayo haikuwa huru. Steaua, ambalo maana yake ni nyota, ilikuwa timu ya jeshi, na Valentin, mwana wa Ceauşescu, alikuwa karibu nayo mno. Dinamo ilikuwa timu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, yaani ya polisi na ya idara ya usalama iliyoogopwa na kila mtu, Securitate. Hata Scornicești, kijiji alikozaliwa mtawala, kilikuwa na timu katika ligi kuu. Iliingia humo mwaka 1979, na mara baada ya utawala ule kuanguka Desemba 1989 ikaondolewa ligini msimu ukiwa bado katikati. Sidhani kama ipo haja ya kuifafanua zaidi habari hiyo.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba Warumania walikuwa wachezaji bandia. Hili ndilo linaloifanya kesi hii kuwa ngumu. Mnamo tarehe 7 Mei 1986, mjini Sevilla, Steaua ilikutana na Barcelona katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Dakika 120 zilikwisha bila bao. Katika mikwaju ya penalti kipa Helmuth Duckadam alipangua minne mfululizo, huku Lăcătuş na Balint wakifunga, na kombe likaenda nchi ya kikomunisti kwa mara ya kwanza. Uwanja ulikuwa umefurika Wahispania. Hakuna jenerali wala mkuu wa polisi wa Bucharest ambaye angeweza kumwamuru mchezaji wa Barcelona akose penalti. Duckadam, aliyeaga dunia Desemba 2024, hakuidakia Steaua tena msimu uliofuata. Damu iliganda katika mkono wake majuma machache baada ya ushindi ule, naye akalazimika kuacha kucheza. Palizuka uvumi kwamba mkono huo ulivunjwa na watu wa usalama. Mwenyewe aliukanusha. Lakini ni nchi ya namna gani ambamo damu ikiganda mkononi raia humtafuta polisi kabla ya daktari?

Msimu wa 1986-87 Steaua iliutawala bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, ikauchanganya ubingwa na Kombe la Rumania kwa kuifunga Dinamo 1-0 katika fainali. Tangu Juni 1986 hadi Septemba 1989 ilicheza mechi 104 za ligi bila kushindwa. Februari 1987 ilimwazima kijana mmoja kutoka Sportul Studenţesc, timu ya wanafunzi wa Bucharest, ili aisaidie katika mechi moja tu, ile ya kuwania Kombe Kuu la Ulaya dhidi ya Dynamo Kyiv mjini Monaco. Kijana huyo, Gheorghe Hagi, akafunga bao la pekee kwa mkwaju wa adhabu, na hakurudishwa tena alikotoka. Timu ya wanafunzi, ambayo msimu uliotangulia ilikuwa ya pili ligini na ambayo Hagi aliifungia mabao 31, ilipokonywa johari yake na jeshi, basi. Wengi wetu tulimfahamu Hagi miaka saba baadaye, katika Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani. Katika ulinzi wa Steaua alikuwamo pia Miodrag Belodedici, aliyetorokea Yugoslavia mwaka 1988 na kutwaa tena Kombe la Ulaya akiwa na Red Star ya Belgrade mwaka 1991. Hakuwahi kutokea kabla yake mchezaji aliyecheza fainali na kulitwaa akiwa na klabu mbili.

Sasa tuigeukie Dinamo. Ilikuwa ya pili katika ligi, ikawa ya pili katika kombe. Wakubwa wa wizara walikuwa wamezidiwa na wakubwa wa jeshi kila upande. Iliyosalia ni tuzo ya mfungaji bora wa Ulaya, na Dinamo ilikwisha kuionja: Dudu Georgescu aliinyakua mwaka 1975 kwa mabao 33, na mwaka 1977 kwa mabao 47. Polster alikuwa mbele. Ndipo Cămătaru alipofunga yapata mabao 20 katika mechi sita za mwisho.

Ninawaomba walimu wa hisabati waniruhusu niingie shambani mwao. Ukiyatoa mabao hayo katika 44, yanasalia kama 24 kwa raundi 28 za mwanzo, yaani chini ya bao moja kwa kila mechi. Huo ni wastani wa mshambulizi hodari. Katika raundi sita za mwisho wastani huo unaruka hadi zaidi ya matatu kwa mechi. Mtu anaweza kupata siku njema, hata juma jema. Lakini kupata mechi sita za namna hiyo, zikiwa ndizo hasa zinazohitajika, mbele ya walinzi wa timu zisizotaka kugombana na wizara yenye funguo za magereza! Hakuna mahakama iliyotoa hukumu juu ya mechi hizo, nami si hakimu. Nasema tu kwamba shaka iliyoenea Ulaya nzima haikutokana na chuki dhidi ya Warumania.

Kwetu sisi tunaofundisha isimu, kitenzi kinachohusika hapa ni mfano mzuri wa mnyambuliko. Mshambulizi hufunga. Timu iliyozidiwa hufungwa. Ukuta ukiwa mbovu, twasema bao lafungika. Tukiingia katika kauli ya kutendesha tunapata fungisha, na tukiiongezea utendwa tunapata fungishwa: mtu amewezeshwa na wengine kufunga, labda kwa kujua, labda bila kujua. Isitoshe, Kiswahili kilichagua neno la kuziba mlango ili kulitaja tendo la kuupitisha mpira langoni, na kinyume chake, fungua, ndicho hasa walichotuhumiwa nacho walinzi wa Rumania mwezi ule. Nimekuwa nikikitumia kitenzi hiki darasani, na wanafunzi huelewa upesi kuliko ninapotumia mifano ya kupika na kulima. Warumania nao wana neno lao. Mechi iliyopangwa huiita blat, na neno hilo hilo hutumika kwa abiria anayesafiri bila kulipa nauli. Nimelipenda neno hilo kwa kuwa linamkumbusha msemaji kwamba gari limesogea kwa gharama ya mtu mwingine aliyelipa.

Nani, basi, aliyelipa? Wa kwanza ni Polster, hilo liko wazi. Alifunga mabao 39, akaambiwa yeye ni wa pili.

Lakini wa pili aliyelipa, kwa maoni yangu, ni Cămătaru mwenyewe, na hapa ninajua baadhi ya wasomaji hawatakubaliana nami. Huyu hakuwa mshambulizi wa kubebwa. Kabla ya kuhamia Dinamo alikuwa nguzo ya Universitatea Craiova, timu ya mkoani iliyotwaa ubingwa wa Rumania mwaka 1980 na 1981 ikiwa mbali na jeshi na mbali na polisi, na ambayo katika msimu wa 1982-83 ilifika nusu fainali ya Kombe la UEFA baada ya kuzing'oa Fiorentina, Bordeaux na Kaiserslautern. Baadaye alicheza Ubelgiji na Uholanzi, na mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwamo katika kikosi cha Rumania kilichokwenda Kombe la Dunia nchini Italia. Mtu wa namna hiyo alikuwa na haki ya kukumbukwa kwa mabao yake halali. Leo ukilitaja jina lake, la kwanza kuulizwa ni zile mechi sita. Yale mabao 24 ya mwanzo, ambayo pengine aliyavujia jasho kama mshambulizi yeyote, yamezama pamoja na yale mengine, kwa sababu hakuna anayeweza kuyatenga kwa yakini. Waliompendelea walidhani wanamwongezea.

Walimu wanaijua hali hii. Mtahiniwa aliyeonyeshwa maswali matatu kati ya kumi hupoteza sifa ya majibu yake yote kumi, hata yale saba aliyoyakesha usiku kuyasoma. Msahihishaji hawezi kuyatofautisha. Na mwenzake wa darasa moja, ambaye hakuonyeshwa lolote na akapata alama nzuri, naye hutazamwa kwa jicho la kando.

Hilo linatuleta kwa kundi la tatu la waliolipa, ambalo ndilo kubwa zaidi. Baada ya utawala wa Ceauşescu kuporomoka, mwaka 1990 Polster alipewa Kiatu cha Dhahabu, naye Cămătaru akaachiwa chake. Ni suluhisho la kibalozi, na ninaelewa ni kwa nini lilichaguliwa: halimtukani yeyote. Walakini halijibu swali. Ikiwa 44 ni halali, Polster hana haki ya kiatu. Ikiwa si halali, Cămătaru hana. Kuwapa wote ni kukiri kwamba hesabu haiaminiki, na kisha kuiacha ichapishwe vile vile. Mwaka mmoja baadaye yakazuka malalamiko mengine kuhusu mabao ya Cyprus, na jarida lile likaisimamisha tuzo kabisa. Darko Pančev wa Red Star, aliyefunga mabao 34 mwaka 1991, alisubiri hadi mwaka 2006 ndipo akapewa kiatu chake.

Tuzo iliporudi rasmi msimu wa 1996-97, ilikuja na kanuni mpya. Bao la ligi tano kubwa za Ulaya huzidishwa kwa mbili, la ligi za kadiri kwa moja na nusu, na la ligi ndogo huhesabiwa moja tu. Wanaoitetea husema kufunga nchini Uingereza ni kugumu zaidi kuliko kufunga penginepo, na wana hoja. Lakini kanuni hiyo pia ni mtoto wa wasiwasi ulioachwa na miaka ile ya themanini: badala ya kuchunguza mechi, wakubwa wameamua kuzipunguzia thamani nchi nzima nzima. Tangu Mário Jardel alipofunga mabao 42 akiwa na Sporting ya Ureno mwaka 2002, hakuna aliyeshinda kutoka nje ya ligi tano kubwa. Katika msimu wa 2024-25 Viktor Gyökeres alifunga mabao 39 akiwa na Sporting hiyo hiyo. Kylian Mbappé wa Real Madrid alifunga 31. Kiatu kilikwenda kwa Mbappé, kwa pointi 62 dhidi ya 58.5. Mabao 39, msomaji, ni idadi ile ile ya Polster. Na mara hii hakuna aliyemtuhumu mtu yeyote kwa lolote. Mchezaji amekuwa wa pili kwa sababu kanuni inalipima bao la Ureno kwa kipimo kidogo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya zamani, ya nchi ya mbali, na kwamba mpira ni mpira. Nawakumbusha kuwa orodha hiyo bado inachapishwa katika vitabu vya kumbukumbu, na kijana anayeifungua leo huliona 44 limesimama wima kama tarakimu nyingine yoyote, bila hata nyota ndogo pembeni. Cămătaru asinyang'anywe kitu. Ushahidi wa kumnyang'anya haupo, na aliyestahili kuulizwa zaidi ni wizara ambayo haipo tena katika sura ile. Ninachopendekeza ni chepesi na hakimgharimu mtu. Kila mfungaji aorodheshwe kwa mechi zake, raundi kwa raundi, pamoja na timu alizozifunga. Chini ya jina la Polster ziwekwe mechi za Polster, na chini ya jina la Cămătaru ziwekwe zile raundi 28 katika mstari wake na zile sita katika mstari wake, ili msomaji ayaone mwenyewe kabla hajakiangalia kiatu.