Baraza la Nyumbani: Rubani Augua Angani



Mwezi huu baraza letu lataka kujibu swali ambalo mtu wa Bondeni aweza kuuliza aonapo ndege ndogo ikipita juu ya ziwa na kuelekea milima ya Livingstone. Je, rubani akishikwa na ugonjwa ghafula huko juu, hao waliomo watafanya nini? Dereva wa gari akiona kizunguzungu, aweza kusimama kando ya njia. Mpiga kasia akiugua kati ya Matema na Ikombe, mtumbwi huelea hata mwingine ashike kasia. Lakini ndege haina kando ya njia, wala haisimami hewani ikingoja. Swali hili ni la haki, na jibu lake lina faida hata kwa mtu asiyetazamia kupanda ndege maisha yake yote.

Tarehe 10 Mei 2022, yapata adhuhuri, ndege ndogo ya namna ya Cessna Caravan ilikuwa ikitoka Marsh Harbour, katika visiwa vya Bahama, kwenda Florida, Marekani. Ndege za namna hiyo huruka hata kwetu Tanzania, zikipeleka wasafiri mbugani na visiwani. Ndani yake walikuwamo watu watatu tu, rubani na abiria wawili. Wale abiria hawakujua urubani. Wakiwa juu ya bahari, rubani akasema kwamba hajisikii vizuri. Kisha akalegea, akaangukia usukani. Ndege ikainamisha pua, ikaanza kushuka kwa kasi kuelekea majini.

Abiria mmoja akaja mbele, akamwondoa rubani penye usukani, akaushika mwenyewe. Hakuuvuta kwa nguvu za hofu, bali aliurudisha polepole hata ndege ikasawazika. Ndipo akaita kwa redio. Akasema wazi kwamba wamo hatarini, kwamba rubani hana tena akili timamu, na kwamba yeye mwenyewe hajui kabisa kuendesha ndege. Alipoulizwa yuko wapi, akajibu kwamba hajui, ila aiona pwani ya Florida mbele yake. Mwongozaji wa ndege wa Fort Pierce akamwambia ayashike mabawa yawe sawa, na aifuate pwani, ama kaskazini ama kusini, mpaka watakapomwona katika mitambo yao.

Walipomwona, akakabidhiwa kwa waongozaji wa Palm Beach, kwenye uwanja wenye njia ndefu na pana. Hapo palikuwa na mtu aitwaye Robert Morgan, aliyekuwa akipumzika, akisoma kitabu. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege kutoka chini, lakini alikuwa pia mwalimu wa urubani. Namna ile ya ndege hakuwa ameiendesha kamwe. Akatafuta picha ya chumba cha rubani cha Caravan, akaiweka mbele yake, akamwambia yule abiria neno moja moja: punguza mwendo, shuka kidogo, geuka polepole. Ndege ikatua salama. Rubani akapelekwa hospitali upesi, ikaonekana kwamba mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umepasuka kwa ndani. Akapasuliwa, akapona.

Ninyi walimu, litazameni jambo hili vizuri. Wengi walimsifu abiria kwa ushujaa, na kweli alistahili. Lakini ushujaa peke yake haushushi ndege. Ilishuka kwa sababu asiyejua alisema wazi kwamba hajui, na ajuaye alifundisha jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya utulivu, wala hakulipa la pili kabla la kwanza halijatendeka. Mwanafunzi aliye katika hofu hawezi kushika mambo kumi. Mwalimu amwagaye somo lote kwa pumzi moja, kisha akamkaripia mtoto kwa kuwa hakulishika, na ajiulize kama mtoto yule angetua salama mikononi mwake.

Wala tusidhani ya kuwa kila habari ya namna hii huisha kwa furaha tupu. Tarehe 8 Oktoba 2013, huko Uingereza, mzee wa miaka 77 alikuwa abiria katika ndege ndogo ya Cessna 172 pamoja na rafiki yake rubani. Rafiki yake akaugua, akazimia. Mzee huyo alikuwa ametumika katika jeshi la anga zamani, lakini si kwa urubani. Helikopta ya jeshi ikaja kumsindikiza, nao walimu wa urubani wakaitwa wamwongoze kwa redio mpaka uwanja wa Humberside. Giza lilikuwa limekwisha ingia. Mara tatu alijaribu kutua, mara tatu akapanda tena. Mara ya nne magurudumu yakagusa ardhi, naye akatoka mzima. Lakini rafiki yake alifariki. Basi tuseme hivi: msaada mwema huokoa wale wanaoweza kuokolewa, wala haupotei kwa sababu mmoja hakupona.

Wenye kutunga sheria za anga wameliona jambo hili tangu zamani. Marubani wa biashara hupimwa afya zao na madaktari waliowekwa kwa kazi hiyo, nayo kanuni ya mataifa ni mara moja kila mwaka. Rubani aliyepita miaka 40, kama abeba abiria wa kulipa naye yu peke yake usukanini, hupimwa kila miezi 6. Katika ndege kubwa huwapo marubani wawili, na mashirika mengi yana desturi kwamba wawili hao wasile chakula cha namna moja. Sababu yake ni hii: ugonjwa uwashikao marubani safarini mara nyingi zaidi si wa moyo wala wa ubongo, bali ni tumbo lililoharibiwa na chakula. Tena tangu mwaka 2020, ndege ndogo kadhaa zilizotengenezwa Marekani zina kibonyezo ambacho abiria akikibonyeza, ndege hutafuta uwanja na kutua yenyewe.

Hata hivyo, ndege nyingi ndogo hazina kibonyezo hicho. Basi abiria wa ndege ndogo, au mgonjwa apelekwaye na ndege za AMREF, zilizoanza kazi Nairobi mwaka 1957, si vibaya akijua mambo haya machache. Kwanza, rubani akizimia, aondolewe usukanini na kufungwa mkanda nyuma, asije akauangukia tena. Pili, pua ya ndege na mabawa yashikwe sawa, kwa mkono mwepesi. Tatu, aitwe mtu wa chini kwa redio ile ile aliyokuwa akiitumia rubani, na lisemwe neno la hatari lijulikanalo na marubani wote, «mayday», mara tatu. Nne, iaminiwe sauti moja na kutiiwa. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sasa tushuke chini, turudi kwetu. Wengi wetu hatupandi ndege, lakini ni nani asiyepanda boti ya mashine kwenda Matema, Ikombe au Lupingu? Kina mama wa Kikisi hupakia vyungu vyao pamoja na watoto, na watu kumi wakaketi nyuma ya mtu mmoja ajuaye mashine. Akianguka huyo, na upepo wa kusini umeanza kuinua mawimbi, ni wangapi kati ya kumi wajuao jinsi ya kuizima mashine tu? Kuuliza si kumtukana mwenye boti. Kabla ya kuondoka ufukweni, na aonyeshe mtu wa pili namna ya kuzima na namna ya kuelekeza pua kwenye wimbi. Ni kazi ya muda wa kunywa maji.

Na nyumba nayo ni chombo. Baba peke yake ajua mkopo wa chama cha kakao, mama peke yake ajua dawa ya mtoto ilipowekwa. Akiugua mmoja ghafula, mwingine hana usukani. Yafaa wafundishane wangali wazima.

Lakini neno kubwa kuliko yote ni lile alilolisema rubani wa Caravan kabla hajaanguka: sijisikii vizuri. Wanaume wengi wa huku Bondeni huona haya kulisema. Kifua kikiwabana na jasho likiwatoka, husema ni uchovu wa shamba la mpunga. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakichanganyika, watu wa nyumbani hungoja asubuhi. Msingoje asubuhi. Hizo ni dalili za moyo na za ubongo, na kila saa ipitayo yachukua kitu kisichorudi. Mpelekeni hospitali, iwe Kyela au Matema, usiku ule ule. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena akiwa ni mshika usukani, huwaumbua na wengine aliowachukua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na darasani:

1. Kwa nini abiria wa Florida aliurudisha usukani polepole?

2. Katika nyumba yenu, ni kazi gani ijulikanayo na mtu mmoja tu? Ni nani atakayefundishwa mwezi huu?

3. Mtakapopanda boti tena, mtamwuliza nini mwenye boti kabla hajatia mashine moto?

Kaeni salama hata mwezi ujao.