Maua Mafupi ya Kufunika Udongo
Mwenye kiwanja kidogo chenye mteremko yampasa kwanza aufunike udongo, maana ardhi iliyo wazi huchukuliwa na maji ya mvua. Penye jua kali na apande potulaka. Majani yake manene huweka maji, na kipande cha shina kikichomekwa ardhini huota mizizi. Maua yake huwa mekundu, meupe, ya manjano au ya rangi ya machungwa. Gazania, ambayo asili yake ni Afrika ya Kusini, nayo hustahimili ukame. Maua yake hufumba usiku. Zote mbili hazipendi udongo utuamishao maji. Kati ya mche na mche iwe shubiri moja, na magugu yang'olewe mpaka majani yakutane. Kisha mimea yenyewe itayazuia.