Viatu vya ski vya kuazima visivunje jamaa

Kila mwaka, majira ya baridi yanapofika Ulaya, picha za namna moja zinaingia katika simu za watu wa Kivu. Mtoto wa jamaa aliyehamia Norwei au Uswisi anasimama katikati ya theluji. Kichwani ana kaske, machoni miwani mikubwa, miguuni viatu vigumu vya plastiki, na mikononi fimbo mbili. Anacheka. Chini ya picha hakuna maelezo yoyote.

Upande huu, picha inaangaliwa na mtu anayelala chini ya hema la plastiki, ama katika chumba kimoja alichopewa na msamaria yeye na watoto wake sita. Hesabu inaanza palepale. Kaske ile ni dola ngapi? Na koti lile? Jioni simu inalia kule Ulaya: "Yaya, mtoto wako anacheza katika theluji, na mama hapa hana hata unga." Yaya anakasirika, anakata simu. Wiki inapita bila kusemezana. Kwa wengine ni mwaka.

Isemwe wazi: magomvi haya hayana msingi, na pande zote mbili zina makosa.

Tuanze na huku nyumbani. Anayepiga hesabu juu ya picha anapiga hesabu ya vitu visivyo vya mtoto yule. Norwei imepokea jamaa nyingi za Wakongomani kupitia HCR, wengi wakitokea kambi za Uganda. Mtoto wao anaingia shule ya huko, na katika shule za Norwei siku ya ski ni siku ya masomo kama nyingine. Wanorwei wenyewe wanasema mtoto wao anazaliwa na ski miguuni. Uswisi nako shule nyingi zinapeleka darasa zima mlimani siku kadhaa. Mtoto wa mkimbizi hakuchagua kwenda kustarehe. Amekwenda na mwalimu wake.

Vifaa anavyovaa, mara nyingi ni vya kuazima au kukodisha. Norwei kuna maghala yanayoitwa BUA, ambayo yanaazimisha ski, viatu na kaske bila malipo kwa kila mtu, awe mzaliwa wa huko au mgeni. Uswisi maduka yanakodishia watoto vifaa kwa majira yote ya baridi, kisha vinarudishwa. Hata mtalii mwenye feza anayepanda ndege kwenda milima ya Alps, mara nyingi habebi kila kitu. Anabeba viatu vyake peke yake, kwa sababu kiatu cha ski kinapaswa kushika mguu sawasawa, na ski zenyewe anakodisha akifika. Kama tajiri anakodisha, kwa nini tuamini kwamba mkimbizi amenunua?

Na theluji si alama ya utajiri. Ruwenzori yetu, yenye mita 5,109, ina theluji upande wa Beni. Mtu anayewabebea wapanda mlima mizigo kule juu anaikanyaga theluji, na hakuna anayemwita tajiri.

Sasa upande wa pili, maana na wao hawawezi kunawa mikono. Kosa lao la kwanza ni kunyamaza. Mzazi anajua viatu vile ni vya kuazima, anajua vinarudi Jumatatu, lakini picha anaituma bila neno moja. Wengine wananyamaza kwa makusudi, wanapenda wa nyumbani wafikiri mambo yao ni mazuri sana. Halafu akiombwa feza ya minervale anashangaa na kusema watu wa nyumbani hawana huruma. Lakini nani aliyewaonyesha utajiri ambao haupo?

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni haya. Barua ya shule inafika: mtoto alete viatu, ski, kaske, glavu na nguo za baridi. Mzazi hataki mwalimu ajue kwamba hana. Basi anakwenda dukani kuchukua vyote vipya kwa deni. Mguu wa mtoto unakua. Kiatu cha ski ni plastiki ngumu, hakitanuki, na kipimo chake kinafuata urefu wa mguu kwa sentimeta. Baridi ya mwaka unaofuata hakiingii tena. Deni linabaki, na ili lilipwe, kinachokatwa kwanza ni feza iliyokuwa ikitumwa nyumbani kila mwezi. Hivyo ndivyo unga wa mama mzee wa Kivu unavyoliwa na kiatu cha mwaka mmoja. Hapo mwenye kulalamika ana haki kabisa.

Wengine wanafanya kinyume. Wanamwambia mtoto aseme anaumwa, abaki nyumbani. Wenzake wanarudi jioni na habari za mlima, yeye hana la kusimulia. Mtoto aliyekwisha kimbia mara mbili au tatu katika maisha yake anafundishwa tena kwamba mahali pake ni pembeni. Mzazi anayefanya hivyo anaokoa heshima yake mwenyewe kwa gharama ya mtoto.

Wala hakuna sababu ya kuona haya, kwa kuwa sheria za nchi hizo ziko upande wa mzazi asiye na kitu. Norwei, sheria ya elimu inasema shule ya msingi ni bure, na safari zinazofanywa ndani ya saa za masomo zimo humo. Shule haiwezi kumlazimisha mzazi kulipa. Uswisi, mwezi wa 12 mwaka 2017, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba katika safari na kambi za lazima mzazi anaweza kuombwa tu kiasi anachookoa kwa kutomlisha mtoto nyumbani, yaani kati ya franka 10 na 16 kwa siku. Uamuzi huo haukutolewa kwa ajili ya wakimbizi. Ulitolewa kwa wazazi wote. Basi anayekwenda kumwambia mwalimu "hatuna vifaa" haombi sadaka, anauliza utaratibu. Aulize mapema, si asubuhi ya safari, kwa sababu viatu lazima vijaribiwe mguuni, na ski zifungwe kulingana na kiatu na uzito wa mtoto. Zikifungwa vibaya, mtoto anaweza kuvunjika mguu.

Kuna watakaosema: "Lakini wako wanaonunua kweli, wanakwenda mlimani kustarehe, na nyumbani hawatumi kitu." Ni kweli, wako. Mtu wa namna hiyo aulizwe waziwazi juu ya feza na juu ya wazazi wake. Aulizwe mwaka mzima, si siku ya picha tu. Lakini asiadhibiwe mtoto wa mwingine, aliyevaa kaske ya kuazima, kwa kosa la huyo.

Wahami wa vita wamepoteza mashamba, mifugo na nyumba. Kwa wengi, kitu pekee kilichobaki ni jamaa, na sehemu ya jamaa hiyo sasa iko mbali, inafikiwa kwa simu tu. Kamba hiyo ikikatwa kwa sababu ya viatu ambavyo si vya mtu, hasara ni ya wote: mtoto wa kule anakua bila bibi, na bibi wa huku anabaki bila mtu wa kumpigia usiku akiugua.

Dawa ni maneno machache. Anayetuma picha aandike chini yake: "Leo walikwenda na shule. Viatu ni vya kuazima, Jumatatu vinarudi." Na anayeipokea, kabla ya kuuliza bei ya kaske, aulize kwanza kama mtoto alianguka, na kama aliumia.