Anakula, Mbona Hanenepi?

Huenda hata kwenu yupo. Sahani yake hairudi na chembe, lakini shati la mwaka jana linampwaya. Majirani wameshatoa hukumu: ana minyoo, ana mawazo, kuna mkono wa mtu. Duka la dawa limeshamuuzia vidonge mara tatu, naye anazidi kukonda.

Naomba tumtazame upya mtu huyo. Na tusione haya kuuliza habari za choo chake.

Chakula kikishasagwa hupita kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi kwa mtu mzima. Ndani yake vimetandazwa vinyuzi laini kama zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza lishe kuipeleka kwenye damu. Zulia likichakaa, mtu hushiba lakini mwili unalala njaa.

Vinavyolichakaza ni vingi: vijidudu vya giadia kutoka maji machafu, kifua kikuu cha utumbo, VVU, au ugonjwa wa siliaki, ambapo mwili huushambulia utumbo wake wenyewe kwa sababu ya gluteni iliyomo kwenye ngano na shayiri. Wengine utumbo wao ni mzima, ila kongosho limeharibika, mara nyingi kwa miaka ya pombe, halitoi tena vimeng'enya vya kusaga mafuta. Au njia ya nyongo imeziba. Au kipande cha utumbo kiliondolewa kwenye upasuaji. Nao watoto wanaochezea penye kinyesi na maji machafu, utumbo wao huweza kuchakaa taratibu hata bila kuharisha, wakadumaa.

Choo ndicho msema kweli. Kikiwa kingi, kimepauka, kina mafuta, kinanuka kupita kawaida na kinaelea hata ukimwaga maji, mafuta ya chakula yanapita bila kufyonzwa. Dalili nyingine hujitokeza mbali na tumbo, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Damu hupungua na vidonge vya madini ya chuma havisaidii. Miguu inakufa ganzi kwa kukosa vitamini B12, au inavimba kwa kukosa protini. Macho hayaoni vizuri giza likiingia, kwa upungufu wa vitamini A. Mifupa inauma kwa kukosa vitamini D. Kila moja hutibiwa peke yake, na chanzo hakiguswi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukifika hospitali, mweleze daktari choo kilivyo, bila kupunguza neno. Utapimwa uzito, damu, na VVU. Choo kitatazamwa kwa hadubini. Ukiambiwa ulete tena siku nyingine, hata mara tatu, usinung'unike, kwani giadia haonekani kila siku. Ikibidi, mpira mwembamba wenye kamera utapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, na kipande kidogo sana cha ukuta wake kichukuliwe kikapimwe. Huenda ikaonekana kumbe ni kisukari au jambo jingine kabisa. Hilo nalo ni jibu.

Mambo mawili nakusihi. Usimeze dawa za kubahatisha kabla ya vipimo, maana huweza kumficha mdudu bila kummaliza. Na ukishuku ngano, usiache chapati na mkate kabla ya kupimwa siliaki; ukiviacha mapema, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Mama, tazama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ya mwanao. Ukilala au ukishuka, usisubiri mwezi ujao. Viongozi wa mtaa, choo bora na maji safi ni sehemu ya lishe. Nawe uliyemkumbuka mtu ulipokuwa ukisoma, usimwongezee chakula tu. Wiki hii msindikize akapimwe.